Namna ya Kumtoa Mwanzilishi

Kijana wa Moshi mwenye ndoto ya kufungua kampuni ya programu za simu atakutajia filamu ya The Social Network kabla hajakutajia mteja wake wa kwanza. Ameitazama kwenye simu, mara nyingi kwa vipande vipande, na kilichomkaa kichwani ni yule kijana wa kandambili anayewajibu mawakili kwa dharau na ambaye mwisho wa yote anabaki bilionea. Ameigeuza filamu kuwa mwongozo wa kazi. Sina ugomvi na mapenzi yake. Ugomvi wangu ni kwamba katika filamu ile amemchagua mtu wa kumtazama, na amemchagua siye.

Kwa wasioiona: ilitoka mwaka 2010, imeandikwa na Aaron Sorkin na kuongozwa na David Fincher, kutokana na kitabu cha Ben Mezrich kuhusu kuzaliwa kwa Facebook katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2004. Ilipata Oscar tatu, za uandishi, uhariri na muziki. Haina bunduki wala teke. Ni watu wameketi kuzunguka meza wakirushiana maneno, tena kwa kasi ambayo hata Lufufu, aliyewatafsiria Watanzania filamu za kila namna kwa sauti yake moja, angepata taabu kuifukuza. Sehemu kubwa ya hadithi inasimuliwa kutoka vyumba viwili vya mawakili, maana Mark Zuckerberg anashtakiwa na pande mbili. Chumba kimoja wamo mapacha wa Winklevoss na mwenzao Divya Narendra, wanaodai aliwaibia wazo. Chumba cha pili yumo Eduardo Saverin, rafiki yake wa chuoni aliyetoa fedha za kwanza, anayedai aliondolewa katika kampuni aliyoianzisha.

Mengi ndani yake yametiwa chumvi. Filamu inaanza na msichana kumwacha Zuckerberg, kana kwamba mtandao mzima ulijengwa kwa hasira za mapenzi, ilhali miaka ile ile alikuwa tayari na Priscilla Chan, ambaye baadaye alimwoa. Zuckerberg mwenyewe aliwahi kusema kwa kejeli kwamba watengenezaji walipatia nguo zake. Sawa, tamthilia si ushahidi wa mahakamani. Lakini kesi zote mbili zilikuwepo kweli, na zote zilimalizwa kwa mapatano. Mapacha walipewa dola milioni 65 mwaka 2008, sehemu kubwa ikiwa hisa. Saverin alilipwa kiasi ambacho hakikutangazwa, na jina lake likarudishwa katika orodha ya waanzilishi.

Tatizo ni kwamba tukitoka kuitazama, wengi wetu tunabishana juu ya chumba cha kwanza. Wazo liliibwa, halikuibwa?

Kesi hiyo isingewafanya wazee wa Kibosho au Machame wakeshe. Miteremko ya Kilimanjaro ilikuwa na sheria yake ya ubunifu tangu zamani, na ubunifu wenyewe ni mfongo, yaani mfereji wa maji. Mfongo huanza kwa mtu mmoja mwenye jicho. Hupanda hadi juu kwenye msitu, akaona mahali maji yanapoweza kutolewa mtoni, akapima kwa akili yake njia itakayoyafikisha vihambani bila kuyamwaga korongoni. Hiyo ni kazi ya wazo, na wazo huheshimiwa: mfongo huhesabika kuwa wa ukoo wake, na ukoo huo ndio unaousimamia. Ila wazo halichimbi. Wanaochimba hupata zamu ya maji kwa sababu wamechimba, na huendelea kuipata kwa sababu hujitokeza kila mfongo unapoziba au kubomoka. Asiyejitokeza hutozwa faini, mara nyingi ya pombe ya mbege, na akizoea kukwepa, zamu yake huwa mashakani.

Mapacha walikuwa na jicho. Wakamtafuta mtu wa kuchimba, na mtu huyo akaenda kuchimba kwingine. Kwa kipimo cha mfongo walistahili kutajwa na kupewa chochote, hawakustahili kukabidhiwa mto. Ndivyo ilivyokuwa, na sioni kwa nini tuendelee kuwalilia.

Kipimo hichohicho, tukikifuata mpaka mwisho, kinamgusa Zuckerberg pabaya kuliko alipoguswa na mapacha. Mwaka 2016 alitua Nairobi, akatembelea vijana wa teknolojia wa iHub, akala samaki kwa Mama Oliech, picha zikasambaa na wote tukafurahi. Miaka michache baadaye tukasikia habari za vijana walioajiriwa jijini humohumo kupitia kampuni ya Sama, kazi yao ikiwa kutazama picha za mauaji na ukatili kutwa nzima ili Facebook ibaki safi kwa wengine. Daniel Motaung, kijana kutoka Afrika Kusini, alifungua kesi mwaka 2022. Mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakamfuata, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema Meta, kampuni yenye Facebook, inaweza kushtakiwa nchini humo. Hao ndio wasafishaji wa mfongo. Filamu ya mwaka 2010 haikuweza kuwajua, lakini sisi tunaoitazama leo hatuna kisingizio.

Afrika Mashariki tunaipenda mno kesi ya wazo lililoibwa. Kwa miaka mingi Wakenya wamesimuliana juu ya mwanafunzi wa chuo aliyebuni M-Pesa kisha wakubwa wakamdhulumu. Kumbukumbu zinasema jingine. Nick Hughes wa Vodafone alipata fedha za serikali ya Uingereza, Susie Lonie akaja Kenya kuusimamia mradi, wakaujaribu mwaka 2005 kama njia ya kurejesha mikopo midogo, na watu wenyewe wakaugeuza kuwa njia ya kutumiana hela. Safaricom ikauzindua Machi 2007, na mwaka 2008 ukaingia kwetu kupitia Vodacom. Ngano ya mwanafunzi haifi kwa sababu ina utamu: inatupa mwizi na mwibiwa. Inachokificha ni kwamba kazi ngumu haikuwa kuwaza. Kazi ilikuwa kumpata wakala mwenye floti huko Tarakea siku ya soko.

Kisa cha kweli cha mtu aliyenyimwa haki ya wazo lake kiko kusini zaidi, na kila aliyewahi kuishiwa salio amekigusa kwa kidole. Mwaka 2000 Nkosana Makate alikuwa mhasibu mwanafunzi katika Vodacom ya Afrika Kusini. Mpenzi wake alikuwa masomoni, hana hela ya vocha, na Makate akawaza huduma ya kumwezesha mtu asiye na salio kumwomba mwenzake ampigie. Aliliandika wazo hilo na kulipeleka kwa bosi wake, akaahidiwa kwamba likifanikiwa atalipwa. Huduma ikazinduliwa mwaka 2001, jarida la ndani la kampuni likamshukuru kwa jina, na malipo hayakuja. Baadaye mkuu wa kampuni, Alan Knott-Craig, akaandika katika kitabu cha maisha yake kwamba wazo lilikuwa lake yeye. Makate alienda mahakamani hadi ngazi ya juu kabisa, Mahakama ya Katiba, iliyomwona ana haki mwaka 2016, na hata baada ya hapo walivutana juu ya kiasi hadi mapatano ya mwishoni mwa mwaka 2025.

Angalia alishinda kwa nini. Hakushinda kwa kuwa na akili kuliko wengine. Alishinda kwa kuwa palikuwa na ahadi, na ahadi ikawa na ushahidi: waraka aliouandika, jarida lililomtaja. Bila karatasi zile angekuwa ngano nyingine, kama ya yule mwanafunzi wa Kenya.

Na hapo ndipo chumba cha pili cha filamu kinapokuwa na uzito kuliko cha kwanza. Saverin hakuibiwa wazo. Aliletewa nyaraka, na akatia saini. Kwenye filamu anazitia saini akitabasamu, kati ya marafiki, huko California, akiamini ni utaratibu wa kawaida wa kuiunda kampuni upya mwekezaji anapoingia. Miezi baadaye anaitwa tena, akidhani ni sherehe, anasomewa hesabu mpya: hisa za wenzake zimebaki zilivyo, zake zimeshuka kutoka theluthi na ushee hadi asilimia 0.03. Tarakimu hizo ni za filamu; katika maisha halisi hakupunjwa kiasi hicho. Lakini utaratibu ni wa kweli na ni wa kisheria kabisa. Hakuna aliyemnyang'anya hisa hata moja. Zilitolewa nyingine nyingi, akapewa kila mtu isipokuwa yeye.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuonya kwamba mali yaweza kupotea humohumo ndani ya daftari, kwa mwandiko safi.

Jambo ninalolistahi zaidi katika kazi ya Sorkin ni kwamba hakumfanya Saverin malaika. Alikuwa na makosa, na makosa yenyewe ni ya kweli. Wenzake walikuwa California wakikesha kwenye kompyuta, yeye yuko New York akitafuta matangazo ambayo hawakuyataka. Alipokasirika alifunga akaunti ya benki ya kampuni, hatua ambayo ingeweza kuua kila kitu. Mwenye biashara yeyote wa Kiboriloni angekuambia kwamba mshirika anayefunga kabati la fedha kwa hasira hafai kushirikiana naye. Kwa hiyo walipomtoa, waliomtoa walikuwa na hoja. Na hili ndilo ambalo kijana wetu wa Moshi halioni: mwanzilishi hatolewi kwa uongo. Hutolewa kwa kosa lake la kweli, ambalo kuna mtu alikuwa akilisubiri, na hutolewa kwa karatasi ambayo iliandaliwa kabla.

Wala hatuhitaji kwenda Harvard kuliona hilo. Lilitokea hapahapa Moshi, miaka sabini na kitu kabla ya Facebook, na linastahili filamu kuliko mapacha wa Winklevoss.

Kahawa ilifika mlimani na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walipochukua Tanganyika, mtawala wao wa Moshi, Charles Dundas, aliwahimiza Wachaga wapande arabika vihambani mwao, chini ya migomba. Walowezi wenye mashamba makubwa hawakupendezwa. Walisema kahawa ya Mwafrika italeta magonjwa, walisema itakuwa kisingizio cha wizi wa kahawa yao, na lile ambalo hawakulisema kwa sauti kubwa ni kwamba Mchaga mwenye kahawa yake hatakuja kuchuma ya mwingine kwa ujira wao. Walitaka serikali ipige marufuku.

Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, kilichojulikana kwa herufi KNPA. Rais wake alikuwa Joseph Merinyo wa Old Moshi, mtu aliyesomeshwa na misheni ya Kilutheri na aliyefanya kazi chini ya Dundas, hivyo alizijua ofisi za wakoloni na namna yao ya kuandika. Kazi ya kwanza ya chama ilikuwa ya kiufundi hasa: kupambana na magonjwa ya kahawa kwa mabomba ya kunyunyizia dawa, ili walowezi wakose kisingizio. Kisha kuuza kahawa kwa pamoja. Kisha kuitetea haki yenyewe ya kulima. Ukiondoa kompyuta, hiyo ilikuwa kampuni changa kwa kila maana: zao jipya, utaalamu mpya, soko la ng'ambo, wapinzani wenye nguvu, na mtu mmoja anayejua lugha ya wenye fedha.

Chama kilikua upesi kuliko vitabu vyake. Mwishoni mwa miaka ya 1920, habari zilipoenea kwamba serikali ina mipango yake juu ya ardhi ya vihamba, Merinyo na mwenzake Petro Njau walisimama kuipinga, na chama cha kahawa kikawa chama cha siasa bila kubadilisha jina. Mamangi, watawala wa jadi wa Wachaga, wakaanza kukiona kama utawala mwingine ndani ya utawala wao. Serikali, iliyokipenda kilipokuwa kinanyunyiza dawa, ilianza kukiona ni kero. Halafu bei ya dunia ikaanguka baada ya mwaka 1929. Madeni yakajitokeza, hesabu zikaulizwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 Merinyo akatuhumiwa kwa ubadhirifu wa fedha za chama. Akaondolewa.

Mwaka 1932 ikapitishwa sheria ya vyama vya ushirika. Mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU, juu ya vyama vya msingi vya vijijini, na meneja wake akawa Mwingereza, A.L.B. Bennett. Kahawa ilikuwa ileile, wakulima walewale, njia za kuikusanya zilezile ambazo KNPA ilizichonga. Jina lilipungua herufi mbili za mwisho likaongezwa mbili nyingine. Aliyekosekana ni mwanzilishi.

Mpenzi wa filamu atataka hapa nimwonyeshe mwovu. Sitaweza. Hesabu za KNPA zilikuwa mbaya, na mkulima wa Uru aliyekabidhi magunia yake alikuwa na haki ya kuuliza fedha zimekwenda wapi. Sheria ya ushirika ilimpa mkulima huyo vitu ambavyo hakuwa navyo: jina katika rejista, kura moja sawa na ya jirani mwenye shamba kubwa, ukaguzi wa hesabu. Bennett aliendesha chama kwa umakini, na KNCU ikasifika nje ya Tanganyika kama ushirika wa Waafrika uliofanikiwa kuliko mingi. Mwaka 1934 kituo cha utafiti wa kahawa kikafunguliwa Lyamungo. Sehemu ya vizazi vilivyosoma mlimani ilisomeshwa na magunia yaliyopita mikononi mwa chama hicho.

Lakini sheria ileile iliyomkinga mkulima na mwizi ilimleta pia mrajisi wa serikali, mtu ambaye wakulima hawakumchagua na ambaye angeweza kukiamuru chama. Sauti iliyoipinga serikali juu ya ardhi haikuwamo tena katika ofisi ya kahawa. Hilo serikali ililitaka kabla mkaguzi yeyote hajafungua daftari la Merinyo, na hasara ya daftari ikaipa nafasi. Nadhani mtu anaweza kuwa na hatia na bado akawa amesalitiwa. Nadhani hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Merinyo, na nadhani hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Saverin.

Ushahidi kwamba kuna kilichopotea ulikuja miaka minne tu baada ya KNCU kuzaliwa. Iliwekwa kanuni kwamba kahawa ya Wachaga iuzwe kupitia KNCU na si penginepo. Bei ilipozidi kuwa mbaya, mwaka 1937, wakulima waliamka kwa ghasia na kuvamia maghala ya vyama vya msingi, yaani mali yao wenyewe. Dola ikatumia nguvu kuwazima, na baadhi ya viongozi wao wakahamishwa kwa lazima. Watu hawavamii ghala wanaloamini ni lao. Kwenye rejista walikuwa wenye chama. Machoni pao wenyewe walikuwa wapangaji, na nadhani rejista ndiyo iliyokosea.

Sorkin ameandika filamu nyingine juu ya Facebook, inayoitwa The Social Reckoning. Ya Moshi ina sehemu ya pili tangu zamani. Mwaka 1949 Petro Njau alirudi jukwaani na umoja wa raia wa Kilimanjaro, na Merinyo alikuwa pamoja naye. Wazee waliotolewa katika kahawa sasa walitaka kitu kikubwa kuliko kahawa: Mangi Mkuu mmoja wa Wachaga wote, aliyechaguliwa. Wakampata. Thomas Marealle, kijana msomi wa ukoo wa Marangu, alishinda uchaguzi mwaka 1951 na kuapishwa Januari 1952. Ni ushindi ambao mwandishi wa filamu angeuonea haya kwa jinsi ulivyo mtamu: mwanzilishi aliyefukuzwa anarudi kumtawaza mfalme.

Kisha zamu ikageuka. Chama kipya cha kidemokrasia cha Wachaga, kikiongozwa na Solomon Eliufoo, kilisema Mchaga hahitaji tena mtawala wa kudumu. Mwaka 1960 wakapiga kura, na Marealle akaondolewa kwa wingi mkubwa. Yeye pia alikuwa na makosa yake, ya majivuno hasa kwa mujibu wa wapinzani. Yeye pia alitolewa kwa karatasi, ingawa safari hii karatasi zilikuwa nyingi na ziliingizwa katika masanduku na watu wenyewe. Tofauti hiyo si ndogo. Kati ya matukio yote ninayoyataja, hilo ndilo pekee ambalo siwezi kuliita usaliti.

Hata KNCU nayo ilikuja kutolewa. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, kahawa ikapelekwa mikononi mwa mamlaka ya serikali. Hakuna mwanachama aliyeitwa mezani kutia saini chochote. Vyama vilirudishwa mwaka 1984, na KNCU ikarudi mjini Moshi, lakini aliyewahi kuondolewa kitini kwa tangazo hakai tena kwa kuegemea. Biashara ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi miaka ya 1990, vyama vingi vya msingi vilianza kutazama kwingine, na baadhi vikajitenga kabisa ili viuze kahawa yao vyenyewe. Ukipita leo vihamba vya Kibosho utakuta mibuni imezeeka na parachichi linapandwa palipokuwa na kahawa. Bei ina sehemu yake katika hilo. Mimi naamini kumbukumbu pia ina yake.

Sasa nirudi kwa kijana wetu. Wako wawili kwa kawaida. Mmoja ana kompyuta na usingizi mchache, mwingine ana mtaji kidogo alioutoa dukani kwa mjomba Dar es Salaam, mojawapo ya maduka yale ambayo jiji zima linayaita kwa Mangi. Siku ya kusajili BRELA mwenye mtaji yuko safarini, na namba yake ya NIDA ina tatizo. Kampuni inasajiliwa, hisa nyingi zinaandikwa jina la aliyepo. Tutarekebisha baadaye, wanaambiana, na wanaambiana kwa nia njema kabisa. Halafu siku moja mwenye mtaji anakosea. Anachelewesha fedha, au anamgombeza mteja, au anatoweka miezi miwili kwa sababu ya harusi ya dada yake. Kosa limekuwa la kweli, na karatasi ilikuwa imeandikwa tayari. Hakuna aliyepanga njama, na matokeo yake hayatofautiani na njama.

Watu wa mlimani wana dawa ya ugomvi. Aliyekosea huchukua jani la isale, akalipeleka kwa aliyemkosea, na kulikataa jani hilo ni aibu kubwa kwa aliyepelekewa. Nimeona ndugu walionuniana miaka wakapatana kwa njia hiyo, na sitaidharau hata kidogo. Ila isale humlainisha mtu, halirudishi hisa. Ukishasamehe, mrajisi bado anasoma kilichoandikwa. Zuckerberg na Saverin wangeweza kukumbatiana kesho yake, na asilimia zingebaki zilezile mpaka mawakili wazisogeze.

Kwa hiyo nikiulizwa na kijana amtazame nani katika The Social Network, namwambia amtazame Saverin pale anapochukua kalamu. Ni sekunde chache. Hakuna muziki wa hatari, hakuna anayekunja uso, na filamu nzima imo humo.

Na kama kuna mtayarishaji anayetafuta hadithi, Moshi ina Chuo Kikuu cha Ushirika, ambacho kilianza mwaka 1963 kama chuo cha kufundisha watu kutunza vitabu vya ushirika, na ina jengo la KNCU ambalo bado limesimama katikati ya mji. Mandhari si kazi. Kazi ni kuwachagua waigizaji. Bennett asipewe mtu wa sura ya uovu, kwa kuwa hakuhitaji kuwa mwovu ili yatokee yaliyotokea. Petro Njau anahitaji mtu anayejua kungoja, maana atangoja tangu miaka ya thelathini hadi 1949. Nafasi ya Merinyo ndiyo ngumu kupita zote. Apewe mwigizaji anayeweza kutufanya tushuku kabisa kwamba fedha alizila, na bado tutoke ukumbini tumekasirika.